Kifungu cha Kumi na Moja

Rahima alisoma kifungu cha kumi na moja mara nne, na kila mara kilimzalia swali jipya. Mtu mwingine angekisoma mara moja, akasonya, akarudi kwenye kazi zake. Yeye hakuumbwa hivyo. Tangu utoto wake Uvira, mzee Assani baba yake alikuwa akisema kwamba huyu ukimpa gauni la sikukuu, kwanza ataligeuza nje ndani atazame mishono.

Kifungu chenyewe kilisema hivi: mwenye duka atoe hati ya bima iliyo hai, inayofunika moto, wizi, madhara kwa wafanyakazi na upotevu wa mali ya wateja, kabla ya tarehe thelathini ya mwezi wa sita mwaka elfu mbili. Asipoitoa, hati ya jina itachukuliwa na kurudishwa Dar es Salaam.

Hapo kwenye hati ya jina ndipo palipomnyima raha. Duka la mtaa wa Nyawera lilikuwa lake, na mashine kubwa ya kusafishia picha za rangi ilikuwa yake pia. Lakini jina Picha Nyota, ile nyota ya manjano iliyochorwa mlangoni, na kanuni zote za kazi zilikuwa mali ya kampuni ya Dar es Salaam. Maduka yenye nyota hiyo yalikuwa Tabora, Kigoma, Bujumbura na hapo Bukavu, kila moja na mwenyewe, yote chini ya mkataba mmoja. Makasha ya karatasi na dawa za kusafishia yalitumwa kwa mwenye hati tu. Siku hati itakapotoka ukutani, makasha yatakoma, na mashine itabaki kabati la chuma la kukalia kuku. Rahima alikuwa amelijenga duka lile kwa miaka tisa, akalivusha vita ya kwanza na nusu ya vita ya pili. Kulipoteza kwa sababu ya karatasi kulimuuma kuliko kulipoteza kwa bomu.

Basi akajifunga mtandio wake akaenda kwa Papa Adalbert.

Papa Adalbert alikuwa wakala wa bima wa mwisho aliyebaki na mlango wazi katika mtaa ule. Kila asubuhi alifagia ofisi yake, akapanga kalamu, akakaa kumsubiri mteja ambaye alijua fika kwamba haji. Alipomwona Rahima akiingia, alisimama haraka hata kiti kikaanguka.

“Papa Adalbert,” Rahima alisema kabla ya kukaa, “bima ni kitu gani?”

Mzee akavua miwani. “Miaka makumi mbili na sita niko hapa, hakuna mutu aliniuliza ile. Batu banaombaka tu papier ya kuonyesha polisi ya barabara.”

“Mimi ninauliza.”

“Bon. Batu mingi banaogopa kitu moja. Kila mutu anatoa kidogo. Ule mwenye mubaya inamukuta, wengine banamuinua. Njo ile tu, maman. Zingine zote ni makaratasi.”

“Na nani anahakikisha kama batamuinua kweli?”

“Sinyatire ya mukono na kashe.”

“Kashe unayo?”

Papa Adalbert akavuta droo, akatoa muhuri uliofungwa katika kitambaa safi. Akauweka mezani kwa heshima. “Iko. Lakini nikiipiga kwa papier yako, ninasema kampuni yetu ya Kinshasa itakuinua. Kinshasa iko ngambo ya front ya vita. Hata barua haivuke. Na tena soma hapa chini.”

Rahima akainama. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mbegu za lengalenga, paliandikwa kwamba vita, maasi na uporaji havimo.

“Kwa hiyo,” alisema polepole, “munafunika kila kitu isipokuwa kile kinatufikia.”

“Njo vile,” alijibu Papa Adalbert bila kucheka.

Rahima alijua wapo watu wanaotengenezewa hati za mchongo Kadutu, zenye muhuri mzuri kushinda wa kweli. Alimwomba mzee ampigie muhuri tu, hata kama nyuma yake hakuna kitu, ili Dar es Salaam wanyamaze. Papa Adalbert alitikisa kichwa. “Siku ya moto utakuja kulia kwa hii meza. Nitakuambia nini, mwanangu?”

Rahima alikasirika, tena sana, lakini hakuweza kumchukia. Mtu aliyelinda muhuri wake namna ile wakati hakuna aliyekuwa akimtazama hakuwa mtu wa kuchukiwa.

Alipokuwa anainuka, mzee alimzuia kwa mkono. Sasa udadisi ulikuwa umemwingia na yeye. “Lakini niambie. Vita ya kwanza balipora mutaa muzima. Ya pili pia. Mashine yako ingali iko. Mulifanya aje?”

Rahima akarudi kukaa. Jambo lenyewe lilikuwa la kawaida mno, hakuwahi kumweleza mtu. Katika mtaa wao liliitwa kushikiana. Kila Jumamosi wakati wa kufunga, na siku yoyote ile tetesi zinapochafuka, Tonton Philémon, fundi wake, alifungua mashine akatoa vipande sita: lenzi, taa, kadi ya umeme, pampu, rola, na kifaa cha kupimia joto. Kila kipande kilikwenda kulala kwa jirani wa kazi nyingine. Lenzi kwa Maman Georgette wa duka la dawa, rola kwa Zagabe mwenye kinu cha kusaga, vingine hivyohivyo, mpaka kwa mwalimu wa shule aliyebeba pampu katika mkoba wa madaftari. Hakuna aliyeshika vipande viwili. Ukiulizwa, huna kitu. Mporaji akija, atakuta kabati zito lisilowaka, na mporaji hana muda wa kubeba kabati lisilowaka. Kesho au keshokutwa vipande vinarudi nyumbani.

Papa Adalbert alisikiliza mpaka mwisho, akashika kalamu, akaiweka tena. “Andika ile yote kwa fomu yao,” alisema. “Vilevile. Usiongeze, usipunguze.”

Rahima aliandika. Hapo ndipo alipokosea, kama kusema kweli ni kosa. Fomu ya Dar es Salaam, iliyokuja pamoja na kifungu kile, iliuliza: mashine inalala wapi? Mtu wa mji mwingine angeandika anwani moja, mambo yakaisha. Rahima aliandika anwani sita. Fomu ikauliza: nani ana funguo? Akajibu kwamba funguo hazihusiki. Bahasha ikapanda lori la Uvira, ikavuka ziwa hadi Kigoma.

Jibu lilirudi baada ya wiki tano, na lilikuwa la kuchekesha kwa mtu asiye na duka. Kampuni ilifurahi kujua kwamba Bi Rahima amefungua matawi sita bila ruhusa. Kila tawi lilihitaji hati yake ya bima, kizima moto chake, na kibao cha nyota ya manjano chenye urefu wa mita mbili. Kwa kuwa hakuna hata tawi moja lenye bima, mkaguzi wa Bujumbura, Bi Emérence, atafika kuchukua hati ya jina. Rahima alicheka mpaka akajishika mbavu. Halafu alitazama juu, penye fremu ya ile hati juu ya kaunta, na kicheko kikamkauka.

Bi Emérence alifika Jumanne saa nne asubuhi, akiendesha mwenyewe Corolla nyeupe iliyojaa vumbi la barabara ya Luvungi. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka hamsini hivi, mwenye saa ya mkononi aliyoitazama kila mara kama mtu anayemchunga mtoto mtundu. Alikuwa na mikoba miwili, mmoja mweusi wa ngozi wenye nembo ya nyota, ambao hakuuachia, na mwingine wa nguo zake. Aliegesha mbele ya duka, akasalimia kwa adabu, akakataa chai.

“Nionyeshe mashine inafanya kazi,” alisema.

Bahati mbaya usiku uliotangulia risasi zilikuwa zimesikika upande wa Bagira, na asubuhi ile askari walikuwa wakizungukia mitaa wakiomba magari, kwa jinsi mtu mwenye bunduki anavyoomba. Mashine ilikuwa tupu. Tonton Philémon, mtu mfupi mwenye mikono ya upole, alifungua mlango wake wa chuma, na Bi Emérence akachungulia ndani akaona matundu.

“Hii mashine imekufa.”

“Haikufa, maman,” Philémon alisema. “Iko kwa batu.”

“Kwa watu gani?”

“Ninaenda kubaita.” Akatoka, na ovaroli lake likapotelea barabarani.

Rahima alikuwa amemwomba Papa Adalbert awepo, amweleze mgeni kwa lugha ya bima. Mzee alikaa kwenye benchi la wateja na koti lake la kazi, akaeleza kwa ufasaha kwa nini hawezi kupiga muhuri. Bi Emérence alimsikiliza kwa makini, na hata akaandika. Kisha watu wakaanza kuingia. Zagabe, akiwa mweupe wa unga mpaka kwenye nyusi, aliweka rola juu ya kaunta akaondoka. Mwalimu akatoa pampu chini ya madaftari. Maman Georgette, mnene na mchangamfu, alileta lenzi akiwa ameifunga kwa pamba kama kidonda, akakaa kabisa, maana hakutaka kupitwa. Dakika hamsini hazikutimia, vipande vyote vilikuwa vimerudi, na Philémon, aliyeingia wa mwisho akihema, akaanza kuvipanga.

Bi Emérence aliitazama saa, akamtazama Rahima. Uso wake haukuwa wa kikaguzi tena. Ulikuwa wa mtu anayetaka kujua.

“Na siku mmoja wao akikataa kurudisha?”

Katika maswali yote ambayo Rahima aliwahi kuuliza duniani, hilo hakuliuliza hata siku moja. Aliona haya, akaona na hofu kidogo. Je, kwa nini kweli hawakatai? Maman Georgette alikuwa na lenzi ambayo Bujumbura nzima usingeipata.

“Kuja muone,” alisema hatimaye, na akamwongoza mgeni hadi stoo ya nyuma.

Juu ya rafu, kati ya makasha ya karatasi, vilipangwa vitu ambavyo havikuhusu picha hata kidogo. Kila kimoja kilikuwa na kitambaa kilichoshonewa jina. Mkanda wa kinu cha Zagabe. Kifaa cha friji ya chanjo ya Maman Georgette. Plagi za jenereta ya parokia. Gurudumu dogo la cherehani ya fundi Chancelle, na mpini wake pembeni. Rahima alivipanga mwenyewe kila wiki, akavipangusa vumbi, lakini leo ndiyo mara ya kwanza alivitazama. Nusu ya mtaa ilikuwa imelala stoo kwake. Kinu hakisagi bila yeye, chanjo hazikai baridi bila yeye.

“Kumbe na wewe ni bima,” Bi Emérence alisema kwa sauti ndogo.

“Sikujua,” alijibu Rahima, na furaha aliyoisikia ilimshangaza.

Hapo kelele zikazuka mbele. Waliporudi dukani walikuta askari watatu mlangoni, mmoja wao akigongagonga bati la Corolla kwa kitako cha bunduki. Alitaka ufunguo. Tunaazima tu, alisema, jioni inarudi. Hakuna aliyekuwa mjinga wa kuuliza jioni ipi. Bi Emérence aliutoa ufunguo, ukamponyoka, na Rahima akauokota akamkabidhi, maana ndivyo ilivyobidi.

Askari aliingia, akazungusha. Injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikakataa. Akazungusha mpaka betri ikaanza kuchoka. Wakafungua boneti wakachungulia wote watatu, kila mmoja akijifanya anajua. Wakalisukuma hadi kona likakataa palepale. Mwenye bunduki alitukana kwa Kilingala, akalipiga teke tairi, akamtupia Bi Emérence ufunguo wake kama mtu anayerudisha bidhaa mbovu. Mita mia mbele walipata pikapu ya mtu wa Walungu, wakaondoka nayo.

Bi Emérence alikimbilia gari lake, akajaribu mwenyewe. Kimya. “Limekufa!” alisema, na sasa machozi yalimtoka. “Nimelinunua kwa jasho la miaka saba. Nitafikaje nyumbani?”

Tonton Philémon alikohoa kidogo akiwa mlangoni, bisibisi mkononi.

“Haikufa, maman. Delko yake iko kwa Maman Georgette.”

Maman Georgette aliinuka mbiombio, akatoka kwenda dukani kwake. Delko ni kile kifuniko kidogo kinachogawa cheche ndani ya injini. Bila hicho gari la petroli haliwaki hata ulisomee dua. Philémon alipotoka kwenda kuwaita watu, aliwaona askari juu ya barabara, akaona Corolla mbele ya duka lao, akafanya ambacho angefanya kwa gari la mtu yeyote wa mtaa. Haikumjia akilini kuomba ruhusa. Mtu haombi ruhusa ya kumvuta mwenzake asikanyagwe.

Bi Emérence alilipuka. “Umefungua gari langu bila kuniambia? Na kama wangegundua? Wangenipiga risasi mimi, si wewe!”

Philémon alitazama chini. “Pardon, maman. Nilizani unajua. Hapa kila mutu anajua.” Halafu akaongeza kwa unyonge, “Tena ukijua, uso yako ingesema.”

Bi Emérence alikuwa na haki ya kukasirika, na Rahima hakumtetea fundi wake. Hatari aliyowekwa mgeni ilikuwa ya kweli. Walisimama hivyo mpaka Maman Georgette aliporudi kutoka dukani kwake akipepea, kifuniko cheusi kimelala kiganjani.

“Niliitia mu kartoni ya dawa ya minyoo,” alisema kwa fahari. “Kule hakuna musoda anatia mukono.”

Bi Emérence akaitazama delko ile. Mabega yakaanza kumtikisika, na kwa muda hawakujua kama analia au anacheka, mpaka ikabainika kwamba anafanya yote mawili. Akakubali chai. Akanywa vikombe viwili, wakati Philémon analifungia gari lake kifuniko, na mashine ndani ya duka ikianza kunguruma na kutoa harufu yake ya dawa.

Kisha akafungua fomu yake, akavaa uso wa kazi.

“Nimeona,” Bi Emérence alisema. “Lakini hapa wanataka jina la kampuni ya bima na namba ya hati. Nikiandika ‘mtaa wa Nyawera’, Dar es Salaam watadhani nimelewa. Tarehe imepita. Nimetumwa kuchukua hati ya jina, na nitaichukua.”

“Na nyuma ya ile?” aliuliza Papa Adalbert.

“Mkataba unakwisha hati na ripoti yangu yenye muhuri zikishafika zote mbili kwenye ofisi kuu. Makasha yanasimama siku hiyo.”

Rahima hakubishana. Alivuta kigoda, akapanda, akaitoa fremu ukutani mwenyewe, kwa kuwa hakutaka mkono wa mtu mwingine uitoe. Nyuma yake ukuta ulikuwa na mraba safi. Akaifuta vumbi kwa pindo la mtandio, akamkabidhi.

Bi Emérence aliifunga hati ile katika kitenge. Mkoba mweusi wa kampuni ulikuwa wazi mezani, lakini hakuugusa. Aliinama kwenye mkoba wake wa nguo, akasukuma hati mpaka chini kabisa, chini ya sketi na taulo, akaufunga zipu.

Maman Georgette alidhani mgeni amechanganyikiwa. “Maman, mufuko ya kampuni njo hii.”

“Nimeuona,” alisema Bi Emérence. “Lakini uso wangu haujui kusema uongo. Wakiniuliza kama hati iko Bukavu, nitasema haiko, na itakuwa kweli. Nitakuwa nimeishika.”

Ilimchukua Rahima pumzi mbili kuelewa. Hati haitafika Dar es Salaam. Itakaa Bujumbura chini ya nguo za mwanamke huyu, na makasha yataendelea kuja.

Wengine wangeshukuru wakanyamaza. Rahima, machozi yakimtiririka waziwazi, bado alikuwa na swali.

“Na weye, maman? Sisi tukushikie nini?”

Bi Emérence alipapasa mkoba mweusi wa kampuni, akatoa muhuri wake wa ukaguzi, mdogo, wa mpini wa mbao uliong'aa kwa kushikwa. Aliutazama kidogo, kisha akauweka kiganjani mwa Rahima na kukikunja kiganja hicho kwa vidole vyake mwenyewe.

“Bila huu siwezi kumfungia mtu duka,” alisema. “Nishikie.”